MAPATANO YA MANENO

Mtoto wa Kihehe akuaye karibu na Iringa, akitaka kutaja watoto wawili, husema "avana vavili". Mtoto wa Kinyakyusa akuaye chini ya mlima Rungwe husema "abana babili". Hakuna mwalimu aliyewafundisha maneno hayo darasani, wala hawakuyasoma katika kitabu cha sarufi. Waliyasikia vinywani mwa mama zao wakiwa bado wanabebwa mgongoni. Hata hivyo hawakosei. Wakimsikia mgeni akichanganya maneno, hucheka, kwa kuwa masikio yao yamekwisha kuwaambia kwamba maneno hayo hayapatani.

Watoto hao hao waendapo shule hujifunza Kiingereza. Huko mmoja huandika "The boys goes", na mwingine huandika "My mother has lost his hoe", wala hakuna acheKaye. Sikio limenyamaza. Kwa nini sikio lililo hodari nyumbani linyamaze shuleni? Jambo hili yafaa lichunguzwe, maana mwanafunzi aendaye shule ya sekondari atasoma karibu masomo yote kwa Kiingereza, na asiyejua nani ametenda na nani ametendewa hawezi kuelewa sawasawa, hata kama ayajua maneno yote moja moja.

Alama ya ukoo

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, Makambako na Chimala. Njiani husikia Kihehe, kisha Kibena, kisha Kisangu. Afikapo Mbeya husikia Kisafwa, na akishuka mpaka Tukuyu husikia Kinyakyusa. Lugha zabadilika, lakini jambo moja halibadiliki. Mtu mmoja kwa Kihehe ni umunu, na wengi ni avanu. Kwa Kinyakyusa mmoja ni umundu, na wengi ni abandu. Kwa Kiswahili mmoja ni mtu, na wengi ni watu. Mahali pote umoja na wingi huonekana kichwani mwa neno, si mkiani.

Mtaalamu mmoja jina lake Wilhelm Bleek, aliyezaliwa Berlin mwaka 1827 na kufa Cape Town mwaka 1875, alilinganisha lugha nyingi za kusini mwa Afrika. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilichapwa mwaka 1862. Lugha hizo aliziita Bantu, yaani watu, kwa sababu neno hilo huonekana katika nyingi za lugha hizo, kila moja kwa matamshi yake. Basi hata jina la lugha zetu lina somo ndani yake: "ba" ni alama ya wingi, na "ntu" ni shina la neno.

Alama hiyo haikai katika jina peke yake. Huenda pamoja na kila neno lililo la jina hilo. Twasema: "Vitabu vyangu viwili vipya vimepotea." Jina ni vitabu, na maneno yote yaliyofuata yamevaa alama moja, kama ng'ombe wa zizi moja waliotiwa chapa ya mwenyewe. Hata wakichanganyika malishoni na ng'ombe wa watu wengine, mwenyewe huwajua kwa chapa. Ndivyo maneno nayo yanavyojulikana kuwa ya jina gani. Hayo ndiyo yaitwayo mapatano ya maneno.

Wala mapatano si pambo la lugha. Tazama sentensi hizi mbili:

"Kitabu cha mtoto kilichopotea kimeonekana."
"Kitabu cha mtoto aliyepotea kimeonekana."

Katika ya kwanza kilichopotea ni kitabu, nao watu wa nyumbani wafurahi. Katika ya pili aliyepotea ni mtoto. Kitabu chake kimeonekana, lakini yeye mwenyewe bado, na kijiji kizima chamtafuta. Tofauti ya furaha na msiba imekaa katika silabi chache tu.

Alama iliyo mkiani

Kiingereza nacho kilikuwa na alama nyingi zamani, lakini karne kwa karne zilipungua, na mpangilio wa maneno ukachukua kazi yake. Mwingereza humtaja mtendaji kwanza, kisha kitendo, kisha mtendewa. Akisema "The dog bit the man", mbwa ndiye aliyeuma; akigeuza na kusema "The man bit the dog", mtu ndiye aliyeuma. Hakuna silabi iliyobadilika, ila mahali tu.

Alama chache zimebaki. Katika wakati uliopo, mtendaji akiwa mmoja naye si mimi wala si wewe, kitendo hutiwa herufi "s" mkiani: "He goes", "The girl sings", "The rain falls". Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 alama hiyo haikuwa "s", bali "eth", wakaandika "goeth" mahali pa "goes". Alama ya "s" ilitoka sehemu za kaskazini za Uingereza, ikaenea kusini, hata ikaishinda ile nyingine.

Basi sababu ya sikio kunyamaza ni hii. Sikio la mtoto wa Iringa na wa Mbeya limezoea kusikiliza kichwa cha neno, na kuisikia alama mara nyingi katika sentensi moja. Alama ya Kiingereza imo mkiani, tena huja mara moja tu, tena ni ndogo. Sikio laingoja penye mlango wa mbele, nayo yapita mlango wa nyuma.

Liko na fumbo lingine. Herufi "s" mkiani mwa jina huonyesha wingi, lakini mkiani mwa kitendo huonyesha umoja. Twasema "The boy runs", na "The boys run". Mwanafunzi na afikiri habari za ndugu wawili wenye jembe moja. Kaka akilichukua, mdogo wake hana. Mdogo wake akilichukua, kaka hana. Ndivyo jina na kitendo wanavyogawana "s" moja. Kwa hiyo "The boys runs" ni kosa, maana wote wawili wamelishika jembe. Na "The boy run" ni kosa vile vile, maana jembe limeachwa shambani.

Kanuni hiyo ina maneno yaliyo nje yake. Majina mengine huonyesha wingi bila "s", kama vile men, women, children na people. Hayo ni ya wingi, basi twasema "The children sing" na "People say". Neno news lina "s", lakini Waingereza hulihesabu kuwa moja: "The news is good." Tena vitendo kama can, must, will na may havipokei "s" kamwe. Wakati uliopita nao hauhitaji alama, ila katika was kwa mmoja na were kwa wengi.

Makosa yatokayo nyumbani

Mwalimu akisahihisha madaftari huyaona makosa yale yale mwaka kwa mwaka. Makosa hayo si ya uvivu. Mengi hutoka katika kanuni njema ya Kiswahili iliyopelekwa mahali pasipo pake.

La kwanza ni "The teacher he goes home." Kwa Kiswahili twasema "Mwalimu anakwenda nyumbani". Katika "anakwenda" imo "a", nayo yamtaja mwalimu mara ya pili. Mwanafunzi aona kuwa "a" maana yake ni he, naye aiandika. Lakini Kiingereza, kikisha kumtaja mwalimu, hakimtaji tena. Basi ni "The teacher goes home" au "He goes home"; moja kati ya hayo, si yote mawili.

La pili ni "He does not goes." Kwa Kiswahili vitendo viwili vikifuatana, kila kimoja hupewa alama yake: "Walikuwa wanalima." Kiingereza huipa alama kitendo kilichotangulia peke yake: "They were hoeing." Does ikisha kubeba "s", goes haina haki ya kuibeba tena. Ni "He does not go", na kwa kuuliza, "Does he go?"

La tatu ni kufuata jina lililo karibu na kuliacha lile lenye kutenda. Mwanafunzi huandika "The box of books are heavy", kwa kuwa books liko karibu na kitendo. Hapa sikio la nyumbani laweza kumwokoa. Na aigeuze sentensi iwe ya Kiswahili: "Sanduku la vitabu limepotea." Je, aweza kusema "Sanduku la vitabu vimepotea"? Hawezi, sikio lakataa mara moja. Kilichopotea ni sanduku. Basi na Kiingereza ni "The box of books is heavy." Vivyo hivyo "The price of the bags has risen", kama tusemavyo "Bei ya magunia imepanda". Na "Each of the pupils has a hoe", kama tusemavyo "Kila mwanafunzi ana jembe". Neno kila huita umoja katika Kiswahili, na each huita umoja katika Kiingereza.

Mmoja aitwaye kwa wingi

Wanafunzi wengi huuliza: "Kama you ni wewe, mtu mmoja, mbona twasema you are wala si you is?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake litaeleweka upesi sana kwao watokao Tukuyu.

Mnyakyusa akimsalimu mtoto au mwenzake wa rika moja asubuhi husema "Ugonile". Akimsalimu mzee husema "Mugonile", kana kwamba azungumza na watu wengi, ingawa mzee yuko peke yake. Wingi ni heshima. Waingereza nao walifanya hivyo. Zamani mtu mmoja aliitwa thou, na watu wengi waliitwa ye na you. Kisha wakaanza kumwita mkubwa kwa neno la wengi ili kumheshimu. Baadaye kila mtu akaona vibaya kumnyima mwenziwe heshima hiyo, wakaitana you wote. Ilipofika mwaka 1800, Waingereza walio wengi walikuwa wameliacha thou katika mazungumzo ya kila siku. Lakini you halikuacha kitendo chake cha wingi. Kwa hiyo hata leo mtoto mdogo huambiwa "You are", kama mzee aambiwavyo "Mugonile".

Mwenye mali na mali yake

Yako maneno yasimamayo mahali pa jina, kama yeye, wao na chake. Hapa ndipo lugha hizi mbili zinapoachana sana.

Kwa Kiswahili yeye ni mwanamume au mwanamke, na "a" ya "amekuja" haibagui. Kiingereza hubagua: mwanamume ni he, mwanamke ni she, na kitu ni it. Fikiri juu ya mtu aandikaye barua kwa daktari: "My mother is ill. He has a fever." Daktari atauliza kama wagonjwa ni wawili, mama na mtu mwingine. Neno dogo limemwongeza mgonjwa asiyekuwapo.

Zaidi ya hayo, Kiswahili hulipatanisha neno la kumiliki na ile mali: kitabu chake, nyumba yake, jembe lake, watoto wake. Alama yaonyesha mali ni ya aina gani, lakini haisemi mwenyewe ni mume au mke. Kiingereza hufanya kinyume. Hakiangalii mali, humwangalia mwenye mali. Mama akienda sokoni na mtoto wake wa kiume, ni "The mother went with her son." Wengi huandika "his son", kwa kuwa mtoto ni mwanamume, lakini aulizwaye hapa si mtoto, ni mama. Baba akiwa na binti yake, ni "his daughter".

Mtu akiwa hajulikani ni mume au mke, Waingereza husema they na their, hata akiwa mmoja: "Everyone has brought their book." Desturi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 600, ingawa walimu wengi wa zamani waliikataza na kutaka his. Angalieni kwamba kitendo kimebaki cha mmoja, has, ingawa neno lifuatalo ni their.

Lakini mtu asidhani kuwa Kiingereza hushinda katika kila jambo. Mwingereza asema: "He put the cup on the table and it broke." Kilichovunjika ni nini, kikombe au meza? Sentensi haisemi. Mswahili husema "Aliweka kikombe juu ya meza kikavunjika", au "ikavunjika", na hakuna aulizaye tena. Neno moja it hubeba mzigo ambao kwetu hubebwa na silabi nyingi. Kwa hiyo mwanafunzi aandikapo Kiingereza, akiona kwamba it yaweza kushika vitu viwili, na alitaje jina lenyewe mara ya pili: "and the cup broke." Kurudia jina ni bora kuliko kumpoteza msomaji.

Barua ya kondoo

Tuseme kuna mzee mmoja wa milimani asiyejua kuandika. Kondoo wake sita walichukuliwa na mfanyabiashara, na malipo hayajaja. Amwomba mjukuu wake, mwanafunzi, amwandikie barua kwa Kiingereza, maana mfanyabiashara huyo hajui Kiswahili. Kijana aandika: "My grandfather's sheep was taken, and it is not paid for." Mfanyabiashara aisoma, kisha apeleka bei ya kondoo mmoja. Mzee apokea fedha, azihesabu, na kushangaa.

Mfanyabiashara hakuiba, maana amelipa kama alivyosoma. Neno sheep halibadiliki katika wingi. Mmoja ni sheep, na mia ni sheep. Hesabu yote ya kondoo ilikuwa katika was, it na is. Kama kijana angeandika "were taken, and they are not paid for", wangejulikana kuwa ni wengi. Kondoo watano wamepotea kwa ajili ya maneno matatu mafupi.

Kijana huyo alikuwa na dawa mkononi. Neno kondoo la Kiswahili nalo halibadiliki katika wingi, lakini hakuna mtoto wa shule asemaye "kondoo amechukuliwa" akiwa na maana ya sita. Atasema "kondoo wamechukuliwa". Alijua jambo lenyewe tangu utotoni. Lililompungukia ni kulitafuta mahali Kiingereza kilipoliweka.

Maswali matatu

Basi kila mwanafunzi aandikapo sentensi ya Kiingereza, na ajiulize maswali matatu kabla ya kutia nukta. Nani atenda? Ni mmoja au ni wengi? Na neno lisimamalo mahali pa jina lamwangalia nani? Akikosa jibu, na aigeuze sentensi hiyo kuwa ya Kiswahili au ya lugha ya mama yake, alisikilize jibu, kisha airudishe. Mwanzoni kazi hiyo ni ya polepole, kama kuvuka mto kwa kupapasa mawe kwa fimbo. Lakini avukaye kila siku mwisho huyajua mawe, naye huvuka bila fimbo. Siku hiyo sikio lake litakuwa limefunguka katika lugha ya pili, na akisikia "The boys goes" atacheka kama achekavyo nyumbani.

Mazoezi

1. Sahihisha sentensi hizi, na ueleze kosa la kila moja:
   (a) My sister he sings well.
   (b) The children plays near the river.
   (c) The basket of eggs are on the table.
   (d) She does not knows the road to Mbeya.
   (e) My aunt has sold his cow.
2. Eleza kwa Kiswahili tofauti ya "The sheep is in the field" na "The sheep are in the field".
3. Tunga sentensi mbili za Kiswahili zenye maneno yale yale, zilizotofautiana kwa alama ya mapatano tu, na maana zake ziwe mbali.
4. Waulize wazee wa kwenu jinsi wamsalimuvyo mtu mmoja aliye mkubwa. Je, hutumia neno la umoja au la wingi?